Uru Mbili za Hajati Kaltumi

Karatasi ilikuwa na matundu mawili madogo kwenye pembe ya juu, kushoto. Okwir aliipeleka dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya matundu yale.

"Hii iliwahi kupigwa pini," alisema.

"Ndiyo ninayoyasema tangu juzi, Afande." Rajab, katibu wa klabu ya bridge, alikuwa amesimama karibu na kabati, funguo mkononi. "Nyuma yake palikuwa na kurasa nane. Lakini mimi nimeoa kwao Hajati, kamati imesema shemeji hashuhudii. Neno langu limebaki mdomoni."

"Karatasi za jozi nyingine zina pini?"

"Hata moja. Kila jozi ina ukurasa mmoja. Hajati peke yake ndiye aliyeleta kitabu."

Okwir aliandika hilo kwenye daftari lake. Alikuwa ameacha kazi ya upelelezi polisi miaka minne iliyopita, na sasa alikuwa na ofisi ya chumba kimoja Nakivubo, jijini Kampala, juu ya duka la maturubai. Alishafuatilia magari ya wizi, hati za mashamba za kughushi, na mume mmoja aliyejizika mwenyewe kwenye magazeti. Hakuwahi kuitwa na kamati ya klabu kumchunguza mwanamke wa miaka sabini na moja anayeshtakiwa kwa kutaja uru wakati hana uru.

Maana shtaka lenyewe lilikuwa hilo. Katika bridge watu wanne hukaa mezani, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akitazamana na mwenzake. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila mtu kwa zamu hutaja idadi na rangi ya karata, kama uru au kopa, na matamko hayo, yanayoitwa madau, ndiyo lugha pekee inayoruhusiwa kati ya wenza. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa. Na kila maana ya siri ambayo wenza wamekubaliana lazima iandikwe na kuwekwa wazi kwa wapinzani. Jumapili, katika mchujo wa kupata jozi itakayokwenda mashindano ya Afrika, Hajati Kaltumi alitaja uru mbili, mkononi akiwa na uru moja tu. Mwenzake Oketch hakubabaika. Akaruka moja kwa moja hadi kopa nne, akatimiza dau lake, na jozi yao ikashinda mchujo kwa tofauti ndogo sana.

Waliokuwa wa pili, Phelister na Travis, waliandika malalamiko papo hapo. Oketch alijuaje? Hajati akajibu kwamba imeandikwa kwenye mapatano yao. Faili lilipofunguliwa mbele ya watu wote, ndani palikuwa na ukurasa mmoja, na ndani ya ukurasa huo hapakuwa na neno lolote kuhusu uru mbili.

"Kamati inakaa saa ngapi?"

"Saa kumi leo. Wakiwakuta na hatia, ni kufungiwa maisha, na barua kwa kila klabu kuanzia hapa hadi Mombasa. Hajati anasema safari si kitu. Kinachomla ni neno lile." Rajab alishindwa kulitamka, akalitamka hata hivyo. "Mwizi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi.

"Faili hili lilitoka humu lini mara ya mwisho?"

Rajab alifungua daftari la kuazima. Mstari wa mwisho ulisomeka: Alhamisi, faili la mapatano, Phelister, kupiga fotokopi kurasa za mbele kwa ajili ya ubao wa matangazo. Limerudishwa Ijumaa.

"Uliangalia liliporudi?"

"Nilihesabu jozi, Afande. Sikuhesabu kurasa."

Okwir alifunga daftari. Matundu ya pini yalikuwa yanasema kitu kimetoka. Hayakusema kimetolewa na nani, wala kilikuwa kimeandikwa nini. Mwanasheria yeyote angesema palikuwa na orodha ya sabuni na sukari.

*

Oketch alikuwa Ggaba, kwenye soko la samaki, amelala chali chini ya mashine ya barafu, miguu tu ikionekana. Wanawake walikuwa wanapita na mabeseni ya sangara, wakimruka bila kuangalia chini. Alipojitokeza alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Homa Bay, aliyekuja Kampala kutengeneza mashine tatu na kubaki miaka kumi na minne.

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu," Okwir alisema. "Kambini tulicheza karata za matatu tu, ile ya kumaliza za mkononi."

Oketch alifuta mikono, akaokota kipande cha chaki, akaandika kwenye mfuniko wa bati, kutoka chini kwenda juu: pau, uru, kopa, shupaza.

"Hizi ni ngazi, Afande. Dau jipya lazima lipande, haliwezi kushuka. Sasa mimi nimefungua na kopa moja. Travis, mpinzani wangu, ameingia katikati na shupaza moja. Ameziba njia. Zamu ya Hajati. Ana kopa nne na mkono mzuri. Aseme nini?"

"Kopa mbili."

"Na akiwa na kopa nne na mkono mbovu?"

Okwir alifikiri. "Kopa mbili."

"Umeona. Mikono miwili tofauti, neno moja. Mimi nitajua vipi kama nipande au nikae?" Oketch aligonga bati kwa chaki. "Kwa hiyo tunahamisha. Anataja rangi moja chini ya ile aliyo nayo, na mimi napanda ngazi moja. Akisema pau, ana uru. Akisema uru, ana kopa. Uru mbili maana yake: ninazo kopa zako, na mkono una nguvu. Akisema kopa mbili moja kwa moja: ninazo, lakini mkono dhaifu, usinivute mbali."

"Na huyu aliyeingia katikati?"

"Anadhani ametupunguzia maneno." Oketch alicheka kidogo, kicheko cha kwanza alichokisikia Okwir tangu kesi ianze. "Ndipo tunapoyapata mengi zaidi. Nafasi ileile aliyotubakizia, Hajati ameitia milango miwili."

Okwir aliitazama ngazi ile ya chaki kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kitu rahisi hivyo. Neno moja limesogezwa hatua moja, na ukimya wote uliokuwa kati ya watu wawili ukajaa maana.

"Alibuni yeye?"

"Hapana, ng'ambo wanacheza hivi miaka mingi. Mgeni mmoja alimtajia wazo kwa sentensi mbili, akaondoka na ndege. Hajati akakaa akalijenga lote mwenyewe: mpinzani akiingia hivi, akiruka vile, akitia dabo, yaani kusema dau letu hatutalitimiza. Kurasa nane. Miaka kumi na moja tunazicheza."

"Phelister anasema si kurasa. Anasema ni tasbihi. Hajati akivuta punje mbili ni kopa, tatu ni shupaza."

Uso wa Oketch ulibadilika. "Ile tasbihi alianza kuja nayo mezani mwaka huu, baada ya kufiwa na mumewe. Mtu amwache."

"Nipe simu yako," Okwir alisema. "Panda gari. Tunakwenda kwake sasa hivi, kabla hujazungumza naye."

*

Hajati Kaltumi aliishi Nsambya, kwenye nyumba za reli, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa dereva wa treni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye gaarabaab ya rangi ya zafarani, vazi la mama zake wa Kinubi, na macho ambayo hayakuharakisha kutoka kwenye kitu chochote. Miaka thelathini alifanya kazi katika yadi ya malori, akipanga lori lipi libebe nini na kwenda wapi. Bridge alijifunzia huko, saa ya chakula cha mchana, siku makarani walipopungukiwa mtu wa nne.

Okwir alipoeleza anachotaka, Hajati alivua tasbihi shingoni, akamkabidhi kabla hajaombwa.

"Weka mfukoni mwako, Afande. Ikirudi na punje pungufu nitajua."

Oketch aliwekwa kwenye kibaraza cha nyuma, ukuta wa matofali katikati. Okwir alipasua pakiti mpya ya karata aliyoinunua mwenyewe njiani, akachanganya, akagawa mikono minne. Alimpa kila mmoja wake, akachukua ile miwili ya wapinzani. Madau yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi, naye ndiye aliyekuwa mjumbe, akitembea kati ya sebule na kibaraza bila kusema neno. Kwa upande wa wapinzani alitia chochote alichofikiri kingeudhi: shupaza moja, dabo, shupaza mbili za kuruka. Na mwisho wa kila mnada, kabla karata hazijafunuliwa, kila mmoja aliandika anachoamini mwenzake anacho.

Mkono wa kwanza, Oketch alifungua kopa moja. Okwir akaingia na shupaza moja. Karatasi ya Hajati ilirudi: uru mbili. Oketch aliandika: "Ana kopa nne au zaidi, mkono wenye nguvu." Okwir alirudi sebuleni akaomba kuona. Kopa tano. Esi mbili na mfalme.

Mkono wa tatu, Hajati aliandika pau mbili, na Oketch akaandika: "Uru sita, labda tano. Pau hana kitu." Zilikuwa uru sita.

Mkono wa tano Okwir aliwatilia dabo kwa makusudi, mahali pabaya kabisa, akidhani amewakata kauli. Kipande cha Hajati kilirudi na dau moja ambalo dabo lile lilikuwa limelifungulia nafasi.

"Ahsante kwa mlango," Hajati alisema, bila kejeli yoyote.

Baada ya mkono wa nane Okwir aliketi. Alikuwa amewahi kukaa na watu wanaosema uongo kwa ustadi, na watu wanaosema ukweli kwa shida. Hapa alikuwa ameona watu wawili, ukuta katikati yao na adui akiwapigia kelele, wakiongea wazi kwa maneno ambayo hakuna hata moja lililomaanisha lenyewe. Na hapakuwa na siri. Mtu yeyote aliyesoma kurasa nane angesikia kila kitu. Jambo hilo lilimsisimua mwili, akalazimika kunywa maji.

"Hajati, hii inaonyesha mnajua," alisema baadaye, Oketch alipoingia ndani. "Haionyeshi kuwa mliwaambia. Nakala yenu ya kurasa nane kamati haitaitazama. Watasema mmeiandika jana."

"Najua."

"Oketch aligonga meza Jumapili, kuwatahadharisha kuwa dau lina maana nyingine?"

"Niligonga," Oketch alisema. "Wanasema sikugonga. Neno langu na lao."

Okwir alifungua ukurasa mpya. "Basi nisaidie kitu kimoja. Jumapili haikuwa mara ya kwanza mnakutana nao. Mlikutana Jumamosi pia. Jumamosi kuna mahali popote ulitaja uru mbili mbele ya Phelister?"

Hajati alifumba macho. Hakukunja uso, hakuhesabu kwa vidole.

"Mkono wa tisa, kibao cha tisa," alisema. "Oketch kopa moja, Travis shupaza moja, mimi uru mbili. Phelister akatia dabo. Oketch akaenda kopa nne. Tukaanguka kwa raundi moja."

"Unakumbuka karata zako?"

"Zipi? Zangu au za wote?"

Kalamu ya Okwir ilisimama. "Za Phelister."

"Shupaza alikuwa na nane, tano na nne. Kopa saba na tatu. Pau sita, peke yake. Uru saba: esi, mfalme, ghulamu, tisa, sita, nne, mbili." Alisema kama mtu anayesoma namba za malori yakitoka langoni. "Travis alikuwa na shupaza mfalme, malkia na ghulamu zimefuatana, lakini hakuzigusa. Alianza na uru kumi, na ya nane nyuma yake. Wakala raundi mbili za uru papo hapo. Angeanza na shupaza, Oketch angezitupa uru zake juu ya pau zangu na tungetimiza."

Okwir aliandika mpaka mwisho wa mstari, akasoma tena alichoandika. Kitu kilikuwa kimejigeuza kichwani mwake, polepole, kama kufuli inayokubali ufunguo.

"Kila jozi inaandika maana ya dabo lake?"

"Kila jozi," Hajati alisema. Akafumbua macho, akamtazama, na Okwir akatambua kwamba mwanamke huyu alishafika huko zamani, na alikuwa anamngoja afike kwa miguu yake mwenyewe.

"Kwa nini hukuwaambia Jumapili?"

"Nikikumbuka mimi, ni maneno ya mshtakiwa. Ukikuta wewe, ni ushahidi."

*

Vibao vya mchujo vilikuwa vimefungiwa tangu Jumapili. Kila kibao ni ubao bapa wenye mifuko minne, na mchezo ukimalizika kila mtu hurudisha karata zake mfukoni vilevile zilivyokuwa, ili meza inayofuata icheze mkono uleule. Kanuni za klabu zinasema malalamiko yakitolewa, vibao vyote vinafungwa kwa karatasi ya gundi na kutiwa sahihi mpaka hukumu.

Okwir alipiga picha sahihi tatu juu ya kibao cha tisa, moja ikiwa ya Phelister mwenyewe. Kisha akachana.

"Soma," alimwambia Rajab, akashika daftari lake.

Rajab alitoa karata za mfuko wa mashariki, upande alioketi Phelister, akaziweka moja moja mezani. "Shupaza nane. Tano. Nne." Akatazama juu. Okwir aliashiria aendelee. "Kopa saba. Tatu. Pau sita." Sauti yake ilianza kupungua. "Uru... esi, mfalme, ghulamu, tisa, sita, nne." Alishika karata ya mwisho bila kuigeuza. "Afande, umeandika nini hapo?"

"Mbili."

Rajab aliigeuza. Uru mbili ndogo, alama mbili nyekundu juu ya weupe. Nje mtu alikuwa anaosha gari, maji yakimwagika kwenye saruji.

"Mikono ishirini na nne siku ile," Rajab alisema mwishoni, kwa sauti ya msikitini. "Karata hamsini na mbili kila mmoja. Na leo ni Alhamisi."

Walipekua boksi la karatasi za mnada. Klabu haikuwa na vifaa vya kisasa. Madau huandikwa kwa mkono kwenye karatasi moja, na karatasi huhifadhiwa. Ya kibao cha tisa ilikuwepo, na chini ya jina la Phelister, baada ya uru mbili za Hajati, palikuwa na herufi moja kubwa ya dabo. Mwisho kabisa Okwir alitoa faili la mapatano na kuutafuta ukurasa wa Phelister na Travis. Mstari wa kumi na moja. Aliusoma mara mbili, akauwekea alama ya penseli.

*

Phelister alifika saa tisa na robo, amevaa suti ya kijani. Alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki, mwenye maduka mawili Nakivubo, mwanamke ambaye watumishi wake walimwogopa na wateja wake walimpenda. Miaka sita mfululizo alikuwa wa pili katika mchujo.

"Maswali machache, Madamu," Okwir alisema. "Nitayaandika, utatia sahihi."

"Andika."

"Kabla ya malalamiko yako ya Jumapili, ulijua kuwa Hajati akitaja uru mbili hana maana ya uru?"

"Sikujua."

"Mwenzako Travis?"

"Hakujua. Tungejua vipi? Haikuandikwa mahali popote."

"Swali lingine, la mapatano yenu. Rangi tatu zikishatajwa mezani, mmoja wenu akatia dabo. Maana yake?"

"Ninayo rangi ya nne." Alijibu haraka, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. "Iko kwenye ukurasa wetu."

"Mstari wa kumi na moja. Mara zote?"

"Mara zote."

Alitia sahihi. Okwir alisubiri wino ukauke, kisha akaweka karatasi ya mnada wa kibao cha tisa mbele yake.

"Kopa zimetajwa, shupaza zimetajwa, uru zimetajwa. Ukatia dabo. Rangi ya nne ni ipi?"

Phelister aliivuta karatasi karibu, akaisoma.

"Ni pau. Ulikuwa na pau ngapi, Madamu?"

"Nitakumbukaje? Ni siku tano."

Okwir alifungua kibao na kuzipanga karata zile kumi na tatu mezani, ile pau moja akaisogeza kando. "Ulikuwa na moja. Na uru saba. Kama uliamini Hajati ana uru, mikononi mwako na mwake zingekuwa karibu zote kumi na tatu, na dabo lako lingekuwa linamdanganya mwenzako. Lakini Travis hakudanganyika. Aliacha mfalme, malkia na ghulamu wa shupaza, akaanza na uru. Kwa sababu mlijua wote wawili kwamba Hajati hakusema uru. Amesema kopa. Na dau la kuhamisha likitajwa, mpinzani anayelielewa hutumia dabo kumwambia mwenzake: rangi ile iliyotajwa kwa jina tu, mimi ndiye mwenye nayo, anza nayo. Jumamosi ulijua. Jumapili ukasahau."

Phelister alikuwa anaziangalia karata. Aliigusa uru mbili kwa kidole.

"Nani alikuambia utafute kibao hiki?"

"Hajati."

"Alikumbuka dabo langu?"

"Alikumbuka karata zako zote kumi na tatu. Nimeandika kabla sijakifungua."

"Mpaka hiyo sita ya pau?"

"Mpaka hiyo."

Aliegemea kiti. Okwir alitarajia machozi au matusi, vyote alivizoea. Hakukuwa na kimoja. Mwanamke yule alivuta pumzi ndefu na kutikisa kichwa taratibu, na usoni mwake Okwir aliona kitu alichokuwa nacho yeye mwenyewe sebuleni Nsambya, aliponyanyua bilauri ya maji.

"Nilichukua faili kupiga fotokopi tu," Phelister alisema. "Naapa kwa Mungu. Nikaziona zile kurasa. Nikasema nizisome usiku mmoja, si kosa kusoma mapatano ya wapinzani. Ijumaa nilirudisha faili, zenyewe nikabaki nazo kidogo, sikuwa nimemaliza. Jumamosi nikazitumia na Travis, ukaona, tukawaangusha. Jumapili tumeshindwa kwa kitu kidogo hivi, Afande, kidogo hivi, na nikakumbuka kwamba ziko kwenye mkoba wangu na hakuna anayejua."

"Uliziharibu?"

Alifungua mkoba. Akatoa bahasha ya khaki, na ndani yake kurasa nane zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko mdogo ulionyooka, pini bado kwenye pembe. Pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na maandishi ya penseli ya mkono mwingine: mishale, maswali, mifano, mistari mipya ya karata.

"Jumatatu niliwasha jiko ili nizichome," Phelister alisema. "Nikasoma ukurasa wa kwanza kwanza. Saa mbili baadaye bado nasoma. Mtu hawezi kuchoma kitu kama hiki."

*

Kamati haikuchukua nusu saa. Malalamiko yalifutwa, ushindi ukathibitishwa, na Phelister akafungiwa miaka miwili, Travis mwaka mmoja. Mwenyekiti alisimama akamwomba Hajati radhi mbele ya wanachama wote, na neno lile lililokuwa limemla likatajwa na kuondolewa kwa sauti, likaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba limeondolewa. Oketch alilia bila kujificha. Hajati alipokea radhi kwa kichwa, akaomba kurudishiwa kurasa zake.

Akaketi palepale, akavaa miwani, akaanza kuzisoma. Watu walikuwa wanasimama, viti vinaburutwa, Rajab anagawa soda. Okwir alimwona akigeuza ukurasa wa pili, wa tatu, akifuata ile penseli ngeni kwa kidole. Kwenye ukurasa wa sita kidole kilisimama.

Kilikaa pale muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo. Oketch alikuja kumwita, akamwashiria kwa mkono angoje.

Kisha aliinuka na kurasa zile, akapita katikati ya watu waliotaka kumpa mkono, mpaka kwenye benchi la nje, alipokuwa ameketi Phelister peke yake akitafuta funguo za gari. Okwir alimfuata hadi mlangoni, kwa mazoea ya kazi.

"Wewe umeandika hapa," Hajati alisema. "'Mpinzani akiruka hadi pau tatu, mwenye uru hana mlango.'"

Phelister alisimama. "Ndiyo, Hajati."

"Nimeandika kwamba inakuwa vilevile. Haiwi vilevile. Pau amezichukua yeye, uru tatu nimeshazipa kopa, uru zenyewe zimebaki nje." Alivua miwani. "Miaka kumi na moja, binti. Sijaiona. Oketch hajaiona. Wewe umeiona kwa siku ngapi?"

"Sita."

Hajati alimtazama, na Okwir, aliyekuwa amekaa kutwa nzima akimstaajabia mtu mmoja, alimwona mtu huyo sasa akistaajabu.

"Ulichonifanyia sijakusamehe," Hajati alisema. "Nitakapokuwa tayari nitakuja dukani kwako, nikuambie. Hiyo miaka miwili utaimaliza yote, siku kwa siku, na mimi sitakuombea ipungue hata moja."

"Sawa, Hajati."

"Lakini hili la pau tatu haliwezi kungoja, nasafiri mwezi ujao." Aliketi kwenye benchi, akazilaza kurasa juu ya magoti, akasogea kidogo ili pawe na nafasi. "Una penseli?"